Samaki Asitoke

Kisumu
20 Januari 2025

Mwalimu Perez,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Naandika kama ulivyoniagiza, maana ulisema ukipigiwa simu unaweka spika kwa sababu ya masikio, na boma zima linasikia mpaka wapita njia. Mambo haya si ya spika. Barua anakuletea Mama Jentrix akija Luanda Kotieno kununua omena. Jibu mpe yeye, nami nitalichukua kwenye kibanda chake Dunga.

Majibu ya maabara yametoka. Samaki wa bwawa lako ni ngege halisi, wale wa zamani, hawajachanganyika hata kidogo. Nilisoma ile karatasi nikaketi sakafuni. Miaka miwili nimezunguka na nyavu kuanzia Dunga hadi Mbita, na ziwani sikupata hata mmoja. Hao wanaouzwa sokoni kwa jina la ngege ni wengine kabisa, wa kuletwa. Wako wanaishi kwenye bwawa la ukubwa wa uwanja wa shule, nyuma ya zizi la ng'ombe, na mimi sijawaona kwingine kokote.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, usimwambie mtu ni samaki gani, hata mwanao Calvince. Akiuliza, sema tunapima maji. Neno likifika ufuoni, watakuja na nyavu kabla wiki haijaisha. Pili, samaki asitoke. Wakubwa ni thelathini na mmoja tu, na kila mmoja nimemtia kinamba chekundu, kibandiko cha namba yake, mgongoni. Nimeambatisha fomu. Tia sahihi pale chini kwamba hakuna samaki atakayetoka bwawani mpaka utafiti wangu uishe.

Wako,
Bridget Nangila


Nyumbani
27 Januari 2025

Nyar Bungoma, binti wa watu wa Bungoma,

Barua nimeipata, inanuka omena. Fomu nimeitia sahihi. Nilifundisha miaka thelathini na minne, nimesaini fomu nyingi kuliko hao samaki wako, na nyingi sikuzisoma. Hii nimeisoma.

Unaniambia ni ngege wa zamani kana kwamba unaniletea habari. Yawa! Mimi nilijua. Mama mkwe wangu alikuja nao hapa kutoka kwao ufuoni, ndani ya mtungi, alipoolewa, kabla mbuta hajaletwa kumaliza kila kitu ziwani. Tabia zao nazijua kuliko wewe. Jike akishataga hubeba watoto mdomoni, mashavu yanajaa, na siku zote hizo hagusi chakula. Ukimtupia ugali anakuangalia tu. Nilipokuwa na mimba ya Calvince nilikuwa nakaa pale nikimtazama mmoja wa namna hiyo. Tulikuwa hatuli sote wawili.

Kumficha Calvince ni kazi. Anavua Dunga, lakini kila Jumapili yuko hapa, na macho anayo. Basi, nimesema sitasema.

Mwezi ujao binti yake Sheryl anaolewa. Nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Usije kupima maji yako wikendi hiyo, tutakuwa na wageni na mimi nitakuwa na mambo yangu.

Oriti,
Perez Adoyo


Kisumu
3 Machi 2025

Mwalimu,

Juzi nilipokuja kuhesabu ulikuwa kanisani. Nimehesabu mara tatu. Wakubwa ni ishirini na watatu. Wanane hawapo. Nimepita ukingo wote, sikuona mfupa wala kinamba. Mahali pa kuchotea maji kuna alama za miguu, na alama ya kitu kizito kilichoburutwa.

Sitaki kumtaja mtu. Lakini Calvince ana nyavu, na mwezi uliopita aliniuliza mbona nawatia samaki alama kama ng'ombe. Dkt. Wakhungu, msimamizi wangu, ameiona hesabu. Anasema ataomba bwawa lizungushiwe uzio na walinzi wawekwe. Mwalimu, uzio huo utakuwa kati yako na maji yako. Nimemsihi asubiri, na sijui atasubiri mpaka lini. Kama unajua lolote, niambie.

Bridget


Nyumbani
8 Machi 2025

Nyar Bungoma,

Mtoto wangu si mwizi. Naanza na hapo ili tusipotezeane wakati.

Bwawa lina ndege wala samaki, midiria na korongo, na mwaka juzi fisi maji aliingia akakaa wiki nzima akila kama bwana harusi. Umekosa mfupa? Labda alikula na mfupa. Alama za miguu ni zangu, maji ya ng'ombe nachota mimi. Na huyo daktari wako, mwambie uzio wake utazungukia na kaburi la mume wangu, maana liko pale pale ukingoni. Aje aniulize mimi kwanza.

Nilikufungulia boma langu ulipokuja na viatu vya matope, hujui hata kusalimia wazee. Nilikupa kiti. Usimguse Calvince.

Perez


Kisumu
12 Machi 2025

Bwana Calvince,

Mama yako hajui kwamba nakuandikia. Samaki wanane wakubwa walitoka bwawani mwezi uliopita. Sikushtaki. Lakini wewe ndiye mwenye nyavu pale nyumbani, na hakuna mwingine ninayemjua anayeweza kuwatoa bila kuwajeruhi wengine.

Kama uliwachukua kwa sherehe ya Sheryl, sema tu, tutaelewana. Kama si wewe, basi nakuomba usilikaribie bwawa mpaka nirudi. Naenda chuoni wiki sita. Nikirudi na hesabu haijatimia, jambo hili litakuwa la ofisi, si langu tena, na uzio utakuja.

Bridget Nangila


Dunga
23 Machi 2025

Madam Bridget,

Kiswahili yangu ni ya ufuo, mama ndiye mwalimu, utanivumilia.

Barua yako nilimpa mwenzangu anisomee tukiwa kwa mashua, maana mikono yangu ilikuwa na samaki. Sikujua iko na matusi ndani. Sasa Dunga yote inajua Calvince anaiba samaki ya mama yake. Wameanza kuniita Wanane. Nikipita, mtu anasema Wanane, habari ya asubuhi, na wamama wa omena wanacheka.

Mimi navua tangu nikiwa darasa la saba. Sijawahi kuinua wavu ya mtu. Hiyo wikendi ya harusi mimi nilikuwa naenda kumwacha mtoto wangu kwa watu. Nilikaa nyuma ya pikapu na mtungi ya uji ya mama kwa magoti, safari yote, nikiishika isimwagike, na machozi inatoka. Nitatoa wapi nafasi ya kuiba?

Lakini sitaki uzio kwa kaburi ya baba yangu. Na sitaki mama aonekane hajui kuchunga kitu amepewa. Kwa hivyo leo nimemaliza hiyo maneno. Rafiki yangu ako na vizimba huku ziwani. Amenipa ngege arobaini, kubwa, nono, zinaweza kuzaa hata kesho. Nimebeba kwa mapipa mpaka nyumbani na nikamwaga bwawani. Wewe umepoteza nane, mimi nimerudisha arobaini. Hesabu imetimia na imepita.

Usiniandikie tena.

Calvince Oluoch


Kisumu
30 Aprili 2025

Mwalimu,

Nimerudi leo asubuhi, na Mama Jentrix amenipa barua ya Calvince. Ilikaa kwenye mkebe wake wiki tano ikinisubiri. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Wale arobaini si ngege. Ni wale wa kuletwa, wa vizimbani. Wakikaa na hao wako wanazaana nao, na watoto hawawi ngege tena. Watoto wa watoto nao huchanganyika zaidi, mpaka siku moja bwawa limejaa samaki na ngege hayumo. Nilijua hatari hii. Nimeiandika kurasa kumi na mbili kwa Kiingereza. Wewe nilikuambia samaki asitoke. Sikukuambia samaki asiingie. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kuleta.

Kesho nakuja na nyavu na wavuvi wanne. Tafadhali mtu asilishe chochote humo. Na uombe mvua isinyeshe, bwawa likijaa hatutawapata.

Bridget


Kisumu
9 Mei 2025

Mwalimu,

Nimekaa bwawani kwako siku nne na hukutoka nje. Mlango umefungwa, moshi unatoka jikoni. Nilibisha hodi asubuhi na jioni. Siku ya tatu nilikuachia sukari mlangoni, na siku ya nne ilikuwa bado pale pale.

Nimetoa thelathini na wanne kati ya wale arobaini. Sita sijui waliko. Lakini hata ningewatoa wote, tumechelewa. Vifaranga wamejaa ukingoni na hakuna mtu anayeweza kusema yupi ni wa nani. Wakubwa wenye vinamba nao wamepotea, nadhani ugonjwa wa vizimbani umewaua, na nyavu zilileta mmoja tu, jike wako namba tano, mdomo umejaa. Aliwatemea watoto kiganjani mwangu. Nikawapeleka maabara, na majibu yametoka leo: baba yao ni wa vizimbani.

Nimefanya nini, Mwalimu? Miaka sabini hao samaki wamekaa hapo salama mpaka nilipokuja kuwaokoa. Dkt. Wakhungu ameandika "imefungwa" kwenye faili. Ile habari ya uzio pia imekwisha, hakuna tena cha kuzungushia. Nililia ndani ya gari la ofisi na dereva akawasha redio ili asinisikie.

Na Calvince sitaki kumwona. Angewaacha wale wanane huko walikokwenda, asifidie chochote, leo tungekuwa na ishirini na watatu.

Bridget


Nyumbani
14 Mei 2025

Bridget,

Leo sikutanii. Keti kwanza.

Wale wanane niliwatoa mimi.

Nilikuambia mama mkwe wangu alikuja nao ndani ya mtungi. Sikukuambia mtungi huo alipewa na mama yake. Bibi harusi wa nyumba yao hatoki mikono mitupu. Anatoka na samaki wa kwao, mtungi umefunikwa jani la mgomba, na wanaume huambiwa ni uji. Hawaulizi. Mimi sikuzaa binti, nilizaa Calvince peke yake, nikadhani jambo hili litaishia mikononi mwangu. Kisha Sheryl akapata mchumba. Asubuhi ya harusi nilishuka bwawani na kikapu nikachukua wanane, majike watano na madume watatu, na vinamba vyako migongoni. Sahihi yangu kwenye fomu yako ilikuwa haijamaliza mwezi. Mtungi ulinishinda kubeba, nikauburuta mpaka njiani. Na aliyeupakata safari nzima ni Calvince. Mwanangu aliwabeba kwa magoti yake samaki unaosema aliiba, na mpaka leo hajui.

Ulipouliza, niliogopa uzio. Halafu nikaona haya. Mwalimu mzima, niliyekuwa nikisimamisha watoto mbele ya darasa kwa sababu ya uongo. Siku aliyokuja na mapipa yake nilikuwa dirishani. Nilimwona akiwamwaga, shati limelowa, nikanyamaza. Lile pengo nililichimba mimi na yeye alikuwa analijaza. Tena nilifurahi. Nilisema moyoni, basi, Mungu amenifichia.

Sikujua ni sumu. Kwa nini hukuniambia, Bridget? Ulinionyesha pa kutia sahihi, sababu ukaiweka kwenye kurasa zako za Kiingereza. Nimefundisha watoto waliokuja hawajui kushika kalamu. Ulidhani hilo la kuchanganyika lingenishinda? Ningemfungia Calvince lango kwa mikono yangu.

Siku zile nne nilikuwa nimekaa kitandani nikisikia mnavuta nyavu. Sukari niliichukua ulipoondoka. Nimekosa, na wewe umekosa, na aliyetukanwa ni mwanangu.

Perez


Kisumu
16 Mei 2025

Mwalimu,

Wako wapi? Wako hai? Ni kisima, ni tangi, ni bwawa? Kuna samaki mwingine humo, hata mmoja?

Mwambie Sheryl asipike hata mmoja, asimpe mtu, na samaki mwingine ASIINGIE, hata akiwa zawadi, hata akiletwa na pasta mwenyewe. Mweleze sababu yote kama nilivyokueleza, asiachiwe amri tupu. Mwambie hao huenda ndio waliobaki.

Sijakukasirikia. Nimekukasirikia sana, lakini hilo lisubiri. Niandikie jina la mahali tu. Nakuja hata kwa miguu.

Bridget


Kwa Sheryl
21 Mei 2025

Nyar Bungoma,

Nimekuja mwenyewe kuwaona, na mgongo wangu huu.

Ni shimo la zamani la kuchimbia mawe, nyuma ya jiko. Maji hayakauki, hakuna mto unaoingia wala unaotoka, na hakuna samaki mwingine. Nimekaa siku mbili nikitazama ili niwe na hakika. Wako sita. Wawili shemeji wa Sheryl aliwavua wiki ya kwanza akawala, kabla Sheryl hajamfukuza na mwiko. Sita wana vinamba. Wanne majike, wawili madume.

Jike namba kumi na nne hali chakula. Sheryl anasema ni wiki ya pili sasa. Mashavu yamejaa. Mama mkwe wake anasema ni mgonjwa, tumtoe asije akaambukiza wengine, na jana alikuja na ungo. Nimeweka kiti changu kati yake na maji, na hapo ndipo ninapoandikia. Namtupia samaki huyu ugali, ananiangalia tu. Bridget, watoto hawa wa mdomoni ni wa dume wa kwetu. Hakuna mwingine humu.

Jina la mahali siandiki. Barua moja ilishasomwa mbele ya mashua nzima, inatosha. Calvince anajua njia, ndiye aliyenileta. Nilimweleza yote tukiwa njiani, mtungi, fomu, dirisha. Tulipofika alikwenda akachuchumaa ukingoni akamtazama huyo namba kumi na nne muda mrefu, kisha akaondoka bila kunywa chai. Nilimwomba msamaha akajibu, "Sawa, Mama." Mimi nilimzaa, najua bado si sawa.

Wewe hujamwomba. Watu wa harusi walikuwa wengi, ungeweza kumuuliza yeyote njia. Usimuulize mwingine.

Oriti,
Perez


Dunga
24 Mei 2025

Bwana Calvince,

Nimekuja ufuoni mara mbili, na mara zote mbili mashua yako imesukumwa majini nikiwa bado natembea. Nimeelewa. Barua hii namwachia Mama Jentrix, na nimemwomba aisome kwa sauti mbele ya watu wa mashua, wale wale walioisikia ya kwanza.

Calvince Oluoch hakuiba samaki. Mimi, Bridget Nangila, nilimsingizia kwa sababu tu ana nyavu. Nilimficha jambo ambalo angeambiwa asingeleta samaki hata mmoja. Alileta arobaini ili mama yake asiaibike. Hasara iliyotokea nimeiandika kwa jina langu kwenye faili ya ofisi, na Dkt. Wakhungu ameisoma. Anayemwita Wanane aache leo.

Mama Jentrix, ishia hapo.

Calvince, nisamehe. Nilikuja kwenu kuuliza habari za samaki, na nyinyi wenyewe sikuwauliza chochote. Naomba unionyeshe njia. Ukikataa sitamuuliza mwingine, nitakuja tena Jumatatu, na Jumanne.

Bridget


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa penseli)

25 Mei

Madam,

Mama Jentrix hakuishia hapo. Alisoma yote mpaka jina lako. Walicheka kidogo, halafu mzee mmoja akaniita Calvince.

Mama amepiga simu leo asubuhi kwa simu ya Sheryl, akiwa ameweka spika kama kawaida, na mimi pia nikaweka, kwa hivyo mashua yote imesikia. Kumi na nne ametema. Mama anasema wadogo ni wengi, wanazunguka kichwa ya mama yao, amejaribu kuhesabu ameshindwa. Alikuwa analia, au ni network.

Kesho, saa kumi na mbili asubuhi, hapa ufuoni. Vaa gambuti, kuna matope. Mfuko yako nitaangalia mwenyewe, samaki isiingie. Na hiyo fomu wacha nyumbani.

Calvince